Fagio Mbili

Jumamosi, saa moja asubuhi, Kijitonyama,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa.
Kiyoyozi kinakohoa, jenereta la jirani limezimwa sasa hivi,
na mimi nimekaa mbele ya kioo
nautafuta usiku wa jana.

Haupo.

Simaanishi giza. Giza lilikuwepo,
mvua ilinyesha, vyura wa mtaroni Sinza ni mashahidi.
Namaanisha saa tatu na dakika saba,
Bi Sikudhani Mkwande wa Mbagala Kizuiani
alipobonyeza namba ya siri, akalipa
elfu arobaini na sita, rejesho la mkopo wa friji,
ile ya barafu na juisi ya ukwaju.
Fedha ilitoka kwake. Haikufika kwetu.
Ilipopita katikati, ni logi tu iliyoona.

Nafungua faili. Inaanza saa tisa na dakika arobaini usiku,
makato ya mwisho wa mwezi yanakimbizana.
Ya kabla yake: saa nane kasoro.
Ya kabla ya hiyo: saa saba.
Kabla ya hiyo hakuna kabla.

Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja.
Mafahali ningewasikia:
pembe, vumbi, zizi kubomoka.
Hizi zilikuwa fagio mbili katika ua mmoja,
kila mmoja na adabu yake.

Ufagio wa kwanza aliuweka Tumpale, kabla hajahamia Dodoma:
kila saa sita usiku, ikunje ya leo, ibandike tarehe,
ibane, itunze siku tisini.
Mpangilio wa mtu aliyelelewa na mama karani.

Wa pili unasema: ikifika megabaiti kumi, zungusha;
bakiza tatu; zilizozidi, futa.
Na mwisho wa jina la faili, kinyota.
Kinyota kimoja, kidogo kama chawa,
maana yake: na chochote kinachofuata.
Basi ulipofagia ya leo ukazizoa na zile
ambazo mwenzake alikwisha kuzikunja kabatini.
Tisini za Tumpale zikawa tatu.
Hakuna aliyelalamika. Seva iliamriwa mara mbili,
ikatii mara mbili.

Nikataka kujua ni nani. Hasira nilikuwa nayo tayari,
nimeshaichemsha, nimeshaitia chumvi.
Nikamshuku Mhoja, kijana wa mafunzo kwa vitendo,
anayekula mihogo juu ya kibodi.
Nikatazama jina la aliyeandika.

Jina langu.

Machi, siku diski ilipojaa, bosi amesimama mgongoni mwangu
na simu mbili mkononi, zote zinalia.
Niliandika mistari minne, diski ikapumua,
nikapongezwa kwa soda.
Sikuuliza kama ua una ufagio.

Saa nne Bi Sikudhani akafika mwenyewe,
kanga imelowa pindoni, matope mpaka kifundoni.
Hakupiga kelele. Akatoa daftari la shule, la mjukuu,
kurasa za nyuma: Ijumaa, saa tatu na saba, 46,000,
na namba ya muamala, tarakimu kumi, kalamu ya bluu,
saba zake zina mkato tumboni.
"Nyie kwenu inasemaje?"

Kwetu haisemi.
Ningeweza kusema ni mfumo. Mfumo hauna uso, hauoni haya.
Nikasema: nilifuta mimi. Bila kujua, lakini mimi.
Akanitazama kama anavyotazama barafu
kujua kama imeshika.
"Basi nakili," akasema. "Polepole. Mwandiko wangu mbaya."

Nikanakili.
Halafu nikakiondoa kinyota.
Siku tisini zimeanza upya leo, kutoka moja.
Daftari ameondoka nalo, ndani ya mfuko wa rambo,
amelifunga mara mbili,
maana mvua bado.